Kutengeneza Mfano wa Gobore kwa Mbao: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unahusu mfano wa gobore wenye ukubwa kamili, uliochongwa kwa mbao, ambao hauwezi kufyatua kitu leo wala kesho. Wanaouhitaji katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya ni walimu wa historia, vikundi vya maigizo na watu wanaopanga vyumba vidogo vya kumbukumbu katika shule na vijiji, kwa kuwa ni vigumu kuwaeleza wanafunzi karne ya 19 katika eneo hili bila kuwaonyesha silaha iliyopanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Fundi seremala mwenye randa, patasi kali na subira anaweza kuifanya kazi hii katika karakana ya kawaida, ingawa fundi mwenye haraka ataharibu ubao mzuri.

Kabla ya kugusa msumeno, jambo la sheria lieleweke. Nchini Marekani mtu anaweza kununua seti ya vipande na kuunganisha nyumbani bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo inayofyatua kweli, kwa sababu sheria ya silaha ya huko ya mwaka 1968 imeziweka bunduki nyingi za aina hiyo katika kundi la silaha za kale. Hapa kwetu sivyo. Gobore ni silaha kama silaha nyingine chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kulitengeneza bila leseni ni kosa la jinai, hata kama nia ni kulinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere. Kwa sababu hiyo kila uamuzi katika mwongozo huu unalinda jambo moja: mtutu ni kipande kizima cha mti usiotobolewa, nyundo imegundishwa isisogee, na kifa, yaani kile kichuchu ambacho fataki hukaa juu yake, hakina tundu. Usitumie bomba la maji hata likiwa na ukubwa unaofaa na limetupwa bure nyuma ya karakana. Askari polisi anayeona bomba la chuma limefungwa kwenye kitako cha mti hana sababu ya kuamini maelezo ya fundi, na kusema kweli atakuwa sahihi kutoyaamini.

Pata pia barua ya mteja kabla ya kuanza kazi. Shule iandike kwamba imeagiza mfano wa mbao kwa ajili ya kufundishia au kuigizia, barua hiyo ikae karakanani, na nakala yake isafiri na kazi siku ya kuipeleka. Mtendaji wa kijiji au mtaa aambiwe, na kituo cha polisi kilicho karibu kikijulishwa ni vizuri zaidi, kwa kuwa kitu chenye umbo la bunduki kikionekana begani mwa mtu stendi ya mabasi kitazua taharuki kabla hakijatoa elimu yoyote. Kifungwe ndani ya turubai au gunia tangu mlangoni mwa karakana hadi mlangoni mwa shule.

Kuchagua umbo

Magobore yaliyofika bara yalikuwa ya nasaba mbili. Ya zamani zaidi yalikuwa ya gumegume, ambamo nyundo iliyobana jiwe ilipiga kipande cha chuma na kutoa cheche zilizowasha baruti kidogo iliyowekwa kando ya mtutu. Yaliyofuata yalitumia fataki, kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, teknolojia iliyotokana na kazi ya mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza yake mwaka 1807. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa kwa nyuma katika miaka ya 1860 na kuendelea, bunduki zao za zamani ziliuzwa kwa wingi, na nyingi ziliishia Afrika kupitia bandari za pwani. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi juu ya kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya bara hili.

Kwa mfano wa kwanza ninapendekeza umbo la fataki linalofuata bunduki ya Kiingereza ya Enfield ya mwaka 1853. Vipimo vyake vinajulikana vizuri, mtutu wake umefungwa kwenye mti kwa pete 3 zinazoonekana, na mtambo wake, yaani sehemu ya ubavuni yenye nyundo, kwa nje una sehemu chache kuliko wa gumegume. Urefu wote ni sentimita 140 hivi, na mtutu wenyewe ni sentimita 99. Mti wa kitako huanza begani na kwenda chini ya mtutu hadi takriban sentimita 10 kabla ya mdomo. Unene wa mtutu ni kama milimita 30 upande wa nyuma na hupungua taratibu hadi kama milimita 20 mdomoni, na kupungua huko ndiko kunakoupa uhai. Mtutu ulionyooka kama mpini wa ufagio hutambulika kuwa wa bandia ukiwa bado mbali.

Anayetaka kuona vitu halisi vya enzi hizo aende Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambako fuvu lake limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anaweza pia kupita Iringa Boma, jengo la enzi ya Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Aombe ruhusa kwa wahifadhi, asiguse, achore kwa penseli akiwa upande wake wa kioo au kamba, na aangalie hasa mahali ambapo shingo ya kitako inakutana na mtambo, kwa sababu picha nyingi za vitabuni hukwepa sehemu hiyo.

Hapa niseme neno kwa waongozaji wa maigizo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huagiza. Katika vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo kikosi cha kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, kiliangamizwa na yeye mwenyewe kuuawa, Wahehe walitegemea zaidi mikuki, na askari wa upande wa Wajerumani walibeba bunduki za Mauser za kujazwa kwa nyuma. Kumpa askari wa Zelewski gobore jukwaani ni kuikosea historia. Gobore linafaa zaidi mikononi mwa walinzi wa msafara wa biashara, au mwa baadhi ya watetezi wa ngome ya Kalenga iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mwongozaji akiagiza mifano 20 kwa ajili ya Lugalo, fundi mwungwana atamshauri aagize mikuki na ngao, hata kama ushauri huo utampunguzia kipato.

Mti

Bunduki za Ulaya zilitengenezwa zaidi kwa mti wa mjozi, ambao huku hauuzwi. Mbadala bora tulio nao ni mninga. Hausinyai sana unapokauka, unakubali patasi bila kupasuka ovyo, na rangi yake ya hudhurungi yenye michirizi inafanana na mti wa bunduki za kale bila kuhitaji rangi ya dukani. Ununue kwa muuzaji mwenye risiti na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu mninga ni mti wa asili na ubao wake ukikutwa njiani bila karatasi utakugharimu kuliko kazi yenyewe. Vumbi lake huwasha pua na macho ya watu wengi, kwa hiyo barakoa iwepo.

Paini ya Sao Hill ni rahisi na inapatikana kila mahali kuanzia Mafinga hadi Mbeya, nami ninaikubali kwa mifano ya maigizo itakayoanguka sakafuni kila wiki. Kwa kazi ya kuonyeshwa siipendekezi, kwani ni laini mno kwenye kingo za mtambo, na mistari yake ya ukuaji huonekana hata chini ya rangi. Mtutu ni suala jingine: huo utengenezwe kwa mkaratusi mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, mti mgumu ambao utageuka mweusi vizuri kwa njia nitakayoieleza mbele.

Ubao wa kitako uwe wa inchi 2 kwa 8, urefu wa angalau sentimita 135. Ukipata wa 2 kwa 10 unaweza kutoa vitako viwili kwa kuvipanga kimoja kichwa na kingine miguu. Lakini kabla ya kuhesabu vipande, soma nyuzi. Sehemu dhaifu kuliko zote ni shingo, pale ambapo mkono hushika nyuma ya mtambo, kwa sababu mti huwa mwembamba na wakati huohuo unapinda kushuka kuelekea begani. Nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari mkali, mfano utavunjika hapo siku ya kwanza mwanafunzi atakapoutumia kama fimbo, na hapana shaka atautumia hivyo. Tafuta ubao ambao nyuzi zake, kwenye ncha moja, zinapinda kidogo kuelekea chini, kisha uweke kiolezo chako ili mpindo wa nyuzi ufuatane na mpindo wa shingo. Ubao wa namna hiyo mara nyingi hutoka karibu na tawi au shina la chini, na wauzaji huuweka kando wakidhani ni mbaya.

Ukavu unahitaji uangalifu zaidi huku kwetu kuliko pwani, kwa sababu hali ya hewa hubadilika ndani ya safari ya saa chache. Ubao uliozoea unyevu wa Tukuyu ukichongwa upesi na kupelekwa Isimani mwezi wa Septemba utasinyaa, pete zitalegea na mtutu utaachana na mfereji wake. Uweke ubao ndani ya karakana, juu ya vijiti ili hewa ipite, mbali na jua na moto, na ukate kipande kidogo cha mabaki yake ukipime kila wiki kwenye mzani wa dukani. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekubaliana na hewa ya mahali hapo. Ikiwa mteja yuko kwenye ukavu na wewe uko kwenye ukungu, malizia ukaushaji kwa mteja au acha nafasi ndogo ya kukaza pete baadaye.

Mtutu kwanza, kisha mfereji wake

Kosa la kawaida ni kukata umbo la kitako mwanzoni, kwa kuwa ndilo linalofurahisha macho. Anza na mtutu, maana mti wa kitako huchongwa kuufuata mtutu na kamwe si kinyume chake.

Ukiwa karibu na fundi wa kukereza mwenye mashine inayobeba mita moja, mpe kazi hiyo. Asipokuwepo, randa inatosha. Piga randa kipande cha mkaratusi hadi kiwe na pande 4 sawa, milimita 30 nyuma na 20 mbele. Kisha kigeuze kuwa cha pande 8: chukua upana wa upande kwenye kila ncha, uzidishe kwa 0.29, na uweke alama umbali huo kutoka kila kona. Kwa milimita 30 alama itakuwa karibu milimita 9 kutoka kona, na kwa milimita 20 itakuwa karibu 6. Unganisha alama za ncha mbili kwa rula ndefu na uondoe kona hadi kwenye mistari. Sentimita chache za nyuma unaweza kuziacha na pande zake, kama zilivyo kwenye bunduki nyingi za kale, na hapo mtambo utapata mahali pazuri pa kuegemea. Sehemu iliyobaki iendelee kupunguzwa kona hadi iwe na pande 16, kisha imaliziwe kwa tupa na msasa uliozungushiwa mtutu kama kitambaa cha kung'arishia viatu. Mdomoni chonga kishimo kisichozidi milimita 10 kwa kina, cha kuonekana tu, na usiende zaidi ya hapo hata mteja akikuomba.

Ubao wa kitako ukiwa bado na kingo zake zote za mraba, na kwa hiyo ni rahisi kubanwa kwenye jiriwa, piga randa upande mmoja na ukingo wa juu hadi vikutane kwa pembe mraba kamili. Chora mstari wa katikati juu ya ukingo huo, kisha uchore upana wa mtutu pande zote mbili za mstari, ukizingatia kwamba unapungua kwenda mbele. Mfereji unatakiwa kumeza nusu ya unene wa mtutu, wala si zaidi. Ondoa sehemu kubwa kwa patasi ya mviringo, ukikaa ndani ya mstari kwa milimita moja au mbili, na uchonge kutoka pande zote mbili kulingana na nyuzi zinavyoelekeza.

Baada ya hapo kasi lazima ipungue. Changanya masizi ya koroboi na matone machache ya mafuta, paka tabaka jembamba sana upande wa chini wa mtutu, uulaze ndani ya mfereji na ugonge taratibu kwa nyundo ya mbao. Ukiuinua, mti utaonyesha madoa meusi mahali ulipogusa. Kwangua madoa hayo peke yake, tena kwa kuondoa tabaka jembamba kama unyoya, kisha rudia. Mwanzoni madoa yatakuwa machache na ya kutawanyika. Kadiri kazi inavyosonga yataongezeka hadi karibu mfereji wote uwe na weusi mwepesi uliosambaa. Fundi wa bunduki wa karne ya 18 barani Ulaya alifanya hivihivi. Usishawishike kuchimba ndani zaidi ili mtutu uzame haraka na pengo lijazwe kwa gundi na unga wa mbao. Kingo za juu za mfereji ndizo ambazo kila mtazamaji ataziona, na mwanga ukipita kati ya mtutu na mti, urembo wote utakaofuata hautasaidia kitu. Kazi hii inaweza kula siku nzima au mbili, nami huwashauri vijana waifanye asubuhi, macho yakiwa hayajachoka.

Umbo la kitako

Mtutu ukishakaa, weka kiolezo cha plaiwudi ubavuni mwa ubao, uchore na ukate kwa msumeno mwembamba wa kukata mipindo au bendi soo. Kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako pawe na sentimita 34 au 35. Mwisho wenyewe uwe na kimo cha sentimita 12 na unene wa sentimita 5, na shingo isizidi sentimita 4 na nusu kwa unene kabla ya kulainishwa.

Chonga kwa pande bapa kwanza. Ondoa kona ya mraba ipatikane pande 8, kisha 16, na ulinganishe kushoto na kulia kwa macho na kwa kalipa kila hatua, kwa kuwa ukianza kuviringisha mapema hutajua ni upande upi uliozidi. Kuzunguka mtambo na upande unaoukabili acha bapa mbili zilizonyooka, zenye ukingo mkali unaopotea taratibu kwenye shingo. Ukingo huo ndio sahihi ya fundi, nao hufutika kwa msasa wa dakika tatu za uzembe. Kwa jumla punguza mti kuliko unavyodhani inafaa: mifano mingi ninayoiona ni minene, hasa chini ya mtutu, ambako bunduki halisi ilikuwa na mti mwembamba mno, karibu ganda tu.

Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, hukaa chini ya mtutu. Kwenye bunduki halisi fimbo hiyo huingia kwenye tundu refu lililotobolewa ndani ya mti, kazi ngumu inayoharibu vitako vingi, lakini kwa mfano tunaweza kuikwepa kwa uaminifu kabisa. Chonga mfereji wa milimita 8 upande wa chini hadi pete ya nyuma, ukate fimbo yako iishie hapo na uigundishe. Fimbo iwe ya mti mgumu. Mwanzi haufai kwa sababu ya pingili zake, na mianzi ya Iringa ina kazi yake nyingine inayojulikana na kila mpenzi wa ulanzi.

Mtambo na vyuma vingine

Bamba la mtambo likatwe kutoka mkaratusi wa unene wa milimita 4 au kutoka bati la chuma la milimita 2, lilingane na umbo la mkia wa samaki aliyelala, na lizamishwe ubavuni mwa mti kwa njia ileile ya masizi hadi liwe sawa na uso wa mti. Nyundo ichongwe kutoka kipande kimoja cha mti mgumu, nyuzi zikipanda kufuata shingo yake, na ifungwe ikiwa imelala juu ya kifa, si ikiwa imenyanyuliwa. Itiwe kijiti na gundi ya mbao. Nyundo iliyolala husema kwamba silaha imepumzika, na zaidi ya hayo haina pengo la kunasa vidole vya watoto.

Kifyatulio kitengenezwe kwa chuma bapa kilichopindwa, kikikazwa kwa kijiti ndani ya mti. Kinga yake, bamba la mwisho wa kitako na pete 3 hupendeza zikiwa za shaba ya njano, ingawa pete za Enfield zilikuwa za chuma. Anayefuata umbo hilo kwa makini atumie ukanda wa chuma wa milimita 12, aupinde juu ya mtutu wa akiba, na aache masikio mawili madogo chini yatakayokazwa kwa skrubu. Masikio hayo ndiyo yatakayokuokoa mti ukisinyaa wakati wa kiangazi.

Weusi wa mtutu

Rangi nyeusi ya kopo inafaa kwa haraka ya jukwaa, lakini hukaa juu ya mti kama ngozi na kubanduka kingoni. Njia bora hutumia siki, chuma na chai, na mkulima wa Mufindi au Rungwe tayari amekupatia kiungo muhimu kuliko vyote.

Osha stili waya ya kusugulia sufuria, isiyo na sabuni, hadi mafuta yake yaishe, uichane vipande na uitumbukize kwenye chupa ya siki nyeupe. Usikaze kifuniko, kwa sababu siki inapokula chuma hutoa gesi inayoweza kupasua chupa, na chupa isikae karibu na jiko. Baada ya siku kadhaa maji yatakuwa ya kijivu au yenye rangi ya kutu; yachuje kwa kitambaa. Wakati huo chemsha majani ya chai mengi katika maji machache hadi yawe machungu yasiyonyweka, uyaache yapoe, na uyapake kwenye mtutu mara mbili, ukiacha ukauke kila mara. Kazi ya chai ni kuongeza tanini ndani ya mti. Ukishapaka maji ya chuma juu yake, chuma na tanini huungana na mti hugeuka mweusi mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, weusi ulio ndani ya nyuzi zenyewe. Rudia chai na chuma mara moja zaidi ikiwa bado kuna ukijivu, kisha sugua kidogo kwa msasa namba 400 na upake mafuta.

Fanya haya yote mtutu ukiwa nje ya kitako na mbali nacho. Mninga nao una tanini, na tone moja la maji hayo litaacha doa jeusi lisilotoka. Kwa sababu hiyohiyo usilainishe kitako kwa stili waya, kwani nyuzi zake za chuma hubaki kwenye vinyweleo vya mti na kutoa vidoa siku unyevu unapoingia.

Kumalizia mti

Piga msasa kwa namba 80, 120, 180 na 240, kila mara kwa kufuata nyuzi. Baada ya 180 futa kitako kwa kitambaa kilicholowa, uache kikauke, na utaona vinyweleo vimesimama. Vipunguze kwa 240 na urudie mara moja. Asiyefanya hivi atauona uso umekwaruza tena baada ya tabaka la kwanza la mafuta.

Mafuta ya kitani ndiyo yaliyotumika kwa karne nyingi. Paka kwa kiganja, tabaka jembamba, acha robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Tabaka nene halikauki, hubaki linanata na kukusanya vumbi la karakana. Yaliyochemshwa hukauka kwa siku moja au mbili. Mabichi huchukua siku nyingi zaidi, na katika baridi ya Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai hata yaliyochemshwa hukataa kukauka usiku, kwa hiyo kazi iingizwe ndani penye joto. Tabaka 5 au 6 zinatosha. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya visikunjwe wala kurundikwa: vinapokauka hutoa joto, na vikiwa kwenye rundo vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje juu ya mawe hadi vikakamae, ndipo uvitupe.

Mwisho yeyusha nta ya nyuki ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, ongeza mafuta ya kitani kiasi cha kuilainisha, na ikipoa isugue kwenye mti na mtutu kwa kitambaa kikavu. Vanishi inayong'aa niiache kwa wenye viti vya sebuleni. Mwanga wa jukwaa huirudisha kwa watazamaji na kitu kizima huonekana kama plastiki.

Kabla ya kukabidhi, choma kwa chuma cha moto chini ya kitako neno MFANO, mwaka wa kutengenezwa na alama yako, kwa herufi zinazosomeka bila kutafutwa. Watu wa biashara ya vitu vya kale wapo, nao hununua kazi nzuri, huipaka moshi na matope, kisha humuuzia mgeni kama mali ya babu aliyepigana na Wajerumani. Alama ya moto iliyozama ndani ya mti huwapunguzia hamu.

Mweleze mteja kwamba mlio wa jukwaani utoke kwenye ngoma nyuma ya pazia, na kwamba baruti wala fataki za sikukuu zisikaribishwe kwenye mfano huu. Ukiwekwa ukutani, ulazwe juu ya vigingi viwili vilivyovikwa kitambaa, mbali na dirisha la jua la alasiri, na pete zikazwe kidogo kila mwisho wa kiangazi na kulegezwa mvua za Novemba zinapoanza.